Hatua Arobaini za Mama

Jumapili, 1 Juni

Semina ya kanisani leo. Mnasihi amesema anayetunza wengine lazima ajitunze na yeye, na kila jioni ajiandikie ukweli mtupu. Nimenunua daftari nilipotoka tu.

Ukweli mtupu: nimechoka. Mke wangu Caroline ameondoka jana kwenda Uchina kufuata mzigo wa mapazia, siku kumi na nne. Kaniachia mama yangu mzazi, aliyevunjika paja kule Kibosho akaletwa huku kupasuliwa. Sasa anatakiwa atembee hatua arobaini kila asubuhi kwenye korido, mtu akimshika mkono. Asipofanya hivyo mguu utakakamaa, na migomba yake ataisikia kwenye simu tu. Mtu wa kumshika mkono ndiye mimi. Nimewatunza wengine kupita kiasi, tangu jana asubuhi.

Jumatatu, 2 Juni

Nimeanza kujitunza. Nimelala hadi saa tatu, kisha nikashuka Mtaa wa Sikukuu kunywa supu ya kongoro na chapati mbili. Nilijua hatua arobaini haziendi popote.

Nimerudi, nani yuko koridoni kamshika mama mkono? Praful! Jirani wa mlango wa pili, muuza masufuria, mtu ambaye mwaka mzima ananizibia ngazi kwa ndoo zake. Eti na yeye anamwita mama. Mama akanisimulia kwamba kijana wa watu ana mkono mpole. Kijana ana miaka hamsini na sita! Imeniuma. Nikamwambia Praful kazi hiyo ina mwenyewe. Akaniuliza mwenyewe alikuwa wapi. Mtu wa dharau sana yule.

Jumanne, 3 Juni

Nina mpango. Dada yangu Jovitha ana duka la dawa Buguruni, na nyumbani kwake kuna chumba kitupu. Nikimwomba amchukue mama atasema zamu ni yangu. Lakini mgonjwa hawezi kumtunza mgonjwa. Basi nikajilaza kwenye kochi, kitambaa cha maji kwenye paji la uso, nikampigia kwa sauti ya kukata roho: presha imepanda, naona kizunguzungu, mama aondolewe kabla sijamwangukia.

Sikukumbuka kufunga mlango. Mama alisikia yote. Kabla ya mchana amenipiga marufuku chumvi, bia na nyama. Kisha akainuka peke yake, akafuata ukuta mpaka jikoni kunipikia mtori. Bila chumvi, bila nyama. Alisimama pale akinihesabia vijiko.

Jumatano, 4 Juni

Njaa imenishinda. Mchana nimeagiza mishkaki kwa siri, nikala chini ya shuka. Nilikuwa kwenye mshikaki wa tatu niliposikia sufuria linaanguka. Mama aliteleza jikoni, akajishikiza kwenye sinki. Praful alifika kabla yangu, maana mimi nilitangulia kuficha vijiti. Mama hakuumia, ila mimi nikaona aibu, nasema kweli. Akaniuliza: yeye alivunjika paja, je, mimi nimevunjika nini? Nilikuwa na nyama mdomoni.

Jioni Jovitha akaja na kipimo cha presha. Mia moja kumi na nane kwa sabini na sita. Akasema hata yeye hana presha nzuri hivyo. Kisha akanusa shuka. Aliyoyasema baada ya hapo siyaandiki. Ila ameapa kwamba Ijumaa, wakitoka kliniki kuangaliwa mguu, mama anahamia kwake. Kwa hiyo mpango umefaulu.

Ijumaa, 6 Juni

Kliniki. Begi la mama tayari limo kwenye gari la Jovitha. Daktari akamtembeza mama, akafurahi, akauliza ni nani kamfanyisha mazoezi vizuri namna hii. Nikaangalia dari, maana asubuhi zote zilikuwa za Praful. Mama akamwambia ni huyu mwanawe, kila asubuhi, hajakosa hata siku moja. Jovitha akapaliwa na maji.

Machozi yalinilengalenga. Mama kakonda, mguu mbovu, na bado ananisitiri mbele za watu. Nikaapa moyoni kwamba nitabadilika. Kiapo kilikaa kama dakika moja hivi. Daktari akasema basi mama asihamishwe, abaki kwenye mikono hiyo hiyo wiki sita nyingine, na hatua ziwe themanini. Jovitha alishaenda kushusha begi kabla sijafungua mdomo. Mama aligeukia dirishani, mabega yanamcheza. Nadhani alikuwa analia kwa furaha.

Jumamosi, 7 Juni

Nimejitafakari usiku kucha, kama mnasihi alivyoagiza, na kosa langu nimelipata. Presha inapimika. Maumivu ya mguu hayana kipimo.

Leo asubuhi nimetoka chumbani nachechemea. Mguu wa kushoto, taratibu, bila kujitangaza. Mama kaniangalia toka mlangoni hadi mezani. Akainuka, akanikabidhi fimbo yake aliyopewa jana kliniki, akanishika mkono, akanitoa koridoni na kuanza kuhesabu. Tumemaliza themanini zote, mimi na fimbo, yeye bila fimbo.

Ameamini kabisa.