Pembe ya Pili Kisogoni mwa Mwenyekiti

Sogezeni viti, enyi mliowahi kulia kwa ajili ya penalti, nanyi mliolia mkasingizia vumbi. Zimeni redio, mkabidhini mtoto kwa shangazi yake, mkae mkao wa kusikia. Kwani leo hasimuliwi mfalme aliyevuka mito saba, wala jemadari aliyebomoa kuta za mji. Hao wamesimuliwa hata wamechoka. Leo anasimuliwa kinyozi. Naye ni yule Tuliza, bwana wa viti viwili na vioo vitatu, mtawala wa kitambaa cheupe, ambaye mbele yake majabali wa mtaa huinamisha shingo bila kuambiwa mara mbili, na ambaye jina lake limetokana na maneno anayoyasema kutwa nzima: tuliza kichwa.

Mjue kwanza utukufu wake ulivyokuwa. Timu ya mtaa ule ni Nyati, na nembo yake tangu enzi za mababu ilikuwa nyati mzima: pembe mbili, pua iliyotanuka, mpira chini ya kwato, nyota tano juu, na kamba iliyozunguka vyote kwa sababu aliyeichora hakujua aishie wapi. Nembo hiyo Tuliza aliinyoa kisogoni mwa mtu kwa dakika arobaini, bila karatasi, huku akipiga soga. Hapakuwa na mwingine aliyeiweza. Kila Jumamosi ya mechi benchi lake lilijaa kabla jua halijapata nguvu, na watu wazima wenye wake na vyeo walisukumana mlangoni pake kama mbuzi kwenye pumba. Ni kweli kwamba jicho la kushoto la nyati yule halikupata kulingana na la kulia hata siku moja. Lakini penye manyoya mengi kosa halikosi pa kulala.

Hata ikafika ile Jumanne. Uongozi wa klabu, ukiwa umeketi chini ya kiyoyozi, ukatoa nembo mpya, nayo ikawashukia watu simuni kama mvua ya mawe: duara, na ndani ya duara pembe moja iliyopinda kulia. Basi. Chini yake paliandikwa maelezo: pembe ni moja kwa sababu sisi ni wamoja.

Waliokuwa kwa Tuliza saa ile waliruka vitini kama watu waliopigwa na maji ya baridi.

“Hiki ni kifuniko cha sufuria,” alisema fundi viatu, ambaye hakuja kunyolewa bali kuchaji simu.

“Kifuniko kina faida,” akajibu mwalimu wa hesabu, povu shavuni. “Mimi naona ni ile alama ya mlangoni hotelini, ya kukuonyesha choo kiko wapi.”

“Na pembe ya pili wameipeleka wapi? Nyati wa pembe moja ni nyati gani?”

“Ni kifaru.”

“Kifaru aliyekonda, mwalimu. Kifaru wa hospitali.”

Ndipo akasimama Mwenyekiti wa tawi, muuza vifaa vya ujenzi, mwenye tumbo la heshima na sauti iliyozoea kushindana na mashine ya kuchanganyia zege. Akapanda juu ya kreti la soda, akanena:

“Ndugu zangu wa damu na wa jezi. Marehemu baba aliniachia vitu viwili, duka na pembe mbili. Duka nimelipanua, pembe wanataka kuzipunguza. Nasema mbele yenu na mbele ya kinyozi huyu: siku kitu hiki kitakapogusa mwili wangu, niiteni mtu wa Mundu.”

Watu wakaguna kwa kicho, maana hilo halikuwa neno dogo. Mundu ni timu ya ng'ambo ya reli, mahasimu wa kuzaliwa, na nembo yao ni mundu uliopinda kushoto.

Viapo vikamwagika. Fundi viatu aliapa kuichoma jezi yake; alipokumbuka ilivyomgharimu akashuka hadi soksi, tena soksi moja, ile iliyotoboka. Mwalimu aliapa kuhamia mpira wa wavu. Naye Tuliza akainua mashine yake, waya ukining'inia kama mkia wa joka, akasema, “Mashine hii imenyoa nyati miaka kumi na minne. Siku itakapochora kifuniko hicho, na inikate sikio.”

Wakampigia makofi. Naye akageuka kutazama ng'ambo ya barabara. Kwani wao walililia pembe, lakini yeye alikwisha kupiga hesabu nyingine: nyati alimtaka bingwa, bali duara na mkunjo mmoja ni kazi ya yeyote mwenye mashine. Na mwenye mashine alikuwapo, hatua thelathini tu kuvuka barabara, mdogo wake mkewe, aliyefundishwa na Tuliza mwenyewe namna ya kushika kichanio, ambaye juu ya mlango wake aliandika kwa rangi nyekundu DAKIKA TATU TU, na mtaa ukamwita hivyo hivyo.

Jumamosi ikafika, siku ya kupambana na Mundu, saa tisa alasiri.

Saa mbili benchi la Tuliza lilikuwa tupu. Saa tatu lilikuwa tupu. Saa nne akaja mtu, akaomba kubadilishiwa noti, akaondoka. Ng'ambo ya barabara foleni ilitoka mlangoni kwa Dakika Tatu, ikapita duka la dawa, ikakunja kona. Tuliza alimwona fundi viatu amejificha nyuma ya gazeti alilolishika juu chini. Alimwona mwalimu wa hesabu, amevaa kofia ya sweta juani, akitazama angani kama mtu aliyepanga foleni kwa bahati mbaya. Shujaa akashika kitambaa akafuta kioo cha kwanza, akafuta cha pili, akafuta cha tatu, akarudia cha kwanza.

“Baba watoto, hicho kioo utakitoboa,” alisema mkewe kutoka nyuma ya pazia, kwenye chumba chake cha kusukia, vidole vyake vikiwa katikati ya kichwa cha mteja.

“Waliapa, mama watoto. Hapa hapa waliapa.”

“Kiapo cha mpira kina dakika tisini. Wewe ulikipa wiki nzima.”

“Ndugu yako ananimaliza.”

“Akija na kitoweo ni ndugu yangu. Leo ni shemeji yako.”

Tuliza hakucheka. Aliona mbele yake kama aonavyo mtabiri: Jumamosi zikihama moja moja kuvuka barabara, zimbakie ndevu za wastaafu siku za Jumatano, na kiti cha pili kikikaliwa na paka.

Mara mlango wa uani ukasukumwa, wanawake wa kusukwa wakapiga yowe dogo, na pazia likapasuliwa na tumbo la heshima. Alikuwa Mwenyekiti. Kichwani alijitanda taulo la kuogea, na jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

“Tuliza, mwanangu.”

“Mwanao tangu lini? Tumesoma darasa moja.”

“Tuliza, kaka yangu. Funga mlango wa mbele.”

Tuliza akatia komeo. Mwenyekiti akaketi, akaungama, naye aliungama kwa kirefu kama mtu anayehutubia mkutano wa mwaka. Makao makuu yalikuwa yameagiza kwamba kila mwenyekiti wa tawi aketi na watu wake mstari wa mbele, penye kamera, wote wakiwa na nembo mpya mwilini. Jezi mpya hazikumwenea. Basi alfajiri, kwa shingo upande, alijipenyeza kwa Dakika Tatu kabla ya foleni. Lakini simu yenye picha ya nembo hakukubali ishikwe na mtu, kwani simu ya mwenyekiti ina mambo yake. Akaishikilia mwenyewe kifuani, uso wa simu ukielekea kioo. Na Dakika Tatu, akiwa amesimama nyuma, akanakili alichokiona kiooni. Sasa kioo ni mwongo mwenye adabu: hukurudishia kila kitu chako, ila hubadilisha upande. Pembe iliyotakiwa kupinda kulia ikapinda kushoto.

“Hukujitazama?”

“Nilikuwa na haraka, watu wasinione. Nimeketi dukani tangu asubuhi nimewapa wateja uso. Saa hizi ndiyo natoka nje kununua gazeti, nikageuka kidogo tu. Yule muuza magazeti wa Mundu akasimama, akaweka mkono kifuani, akaniambia, karibu nyumbani, mwenyekiti, tulijua ipo siku.”

Taulo likaanguka. Na hapo, katika kisogo cha mlezi wa tawi, mrithi wa pembe mbili, ulilala mundu wa adui, safi, ulionolewa, bila dosari. Mke wa Tuliza alichungulia, akarudi ndani, na kicheko chake kikasikika kama sinia la vikombe linaloporomoka ngazini.

“Tunyoe chote,” Tuliza alisema. “Uwe kipara.”

“Nikiwa kipara leo watasema nimejiuzulu. Na nembo wanaitaka. Irudishe pembe ilale upande wake.”

“Mzee, kinyozi hutoa. Hajazaliwa kinyozi wa kurudisha.”

“Basi niue tu, ila kwa heshima.”

Tuliza akauendea mlango wa mbele, akaweka mkono juu ya komeo. Lisemwe wazi, maana habari za mashujaa si za malaika: aliwaza kuufungua. Mtaa mzima ungeona kazi ya Dakika Tatu juu ya kichwa kikubwa kuliko vyote, foleni ile ingetawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, na kabla ya adhuhuri benchi lingelia kwa uzito.

“Ukifungua nitakuelewa,” mkewe alisema kwa upole nyuma ya pazia. “Ila kesho mama anakuja kula, na meza yetu ni moja.”

Mkono ukabaki juu ya komeo muda wa kumeza mate. Kisha ukashuka. Tuliza akarudi, akakitazama kisogo kile kama jemadari anavyotazama bonde kabla ya mapambano. Upande wa kushoto, mundu. Upande wa kulia, uwanda mtupu wa nywele, haujaguswa na mtu. Akautazama uwanda. Akatazama mundu. Akawasha mashine.

Kabla hajaanza, mlango wa uani ulifunguka tena akaingia Dakika Tatu, aproni mwilini, macho chini. Muuza magazeti alikuwa amekwisha kutangaza.

“Shemeji, nimemharibu mzee wa watu.”

“Ulinyoa ukiangalia kioo.”

“Nilinyoa nikiangalia kioo.”

“Nilikufundisha nini?”

“Kioo ni cha mteja.”

“Njoo huku,” Tuliza alisema. “Vuta ngozi hapa, pana nundu.”

Nundu yenyewe ilikuwa ya kihistoria: Mwenyekiti aliipata mtaroni alipokuwa akishangilia bao lililokataliwa. Nayo ilijitokeza palepale ambapo pembe mpya ilipaswa kupita, kama ngome iliyojengwa mdomoni mwa bonde ili hata jeshi moja lisivuke. Ee Umeme, mwenye kuja bila hodi na kuondoka bila kuaga, kaa nasi dakika kumi na moja tu. Na umeme ukakaa. Mashine ikanguruma, ikashuka kutoka ukingo wa duara, ikaufikia mguu wa nundu, ikasita. Dakika Tatu akavuta ngozi hadi nyusi za Mwenyekiti zikapanda kama za mtu aliyeambiwa bei. Tuliza akazuia pumzi. Meno ya chuma yakapanda nundu polepole, yakatembea kileleni juu ya unywele mmoja baada ya mwingine, yakateremka upande wa pili, yakapinda kulia, yakachongoka, yakakoma.

“Usipumue,” alisema Tuliza.

“Sijapumua tangu asubuhi,” alisema Mwenyekiti.

Kwa wembe akasafisha kingo, akapuliza, akapangusa. Kisha, akiwa mtu wa adabu ya kazi, akashika kioo kidogo nyuma ya kile kikubwa, ili mwenye kichwa ajionee. Mwenyekiti akatazama. Ndani ya duara palikuwa na pembe mbili, moja huku, moja huku, zimekaa kama zilizozaliwa siku moja. Haikuwa nembo mpya. Haikuwa nembo ya zamani. Haikuwapo popote duniani ila pale.

Mzee akaguna, akajifuta macho, akasingizia nywele.

Alipotoka kwa mlango wa mbele, kisogo kikitangulia kwa makusudi, foleni ya ng'ambo iligeuza shingo. Fundi viatu alishusha gazeti.

“Mbili,” alisema taratibu. “Mwalimu, hebu hesabu wewe.”

“Ni mbili,” alisema mwalimu wa hesabu, akavua kofia ya sweta.

Ndipo foleni ikavuka barabara bila kuamrishwa, kama maji yanavyouacha mfereji mmoja kuuingia mwingine. Waliokwisha nyolewa pembe moja walikuja kuongezewa ya pili. Ambao hawajanyolewa walitaka zote kwa mpigo. Benchi likajaa, dirisha likajaa, fundi viatu akachomoa chaja yake ili mashine ya pili ipate umeme. Maana nyuma ya kiti cha pili alisimama Dakika Tatu, akichora maduara kwa dakika zake tatu na kumpisha shemejiye amalizie pembe, wala hakuinua macho hata mara moja kutazama kioo. Na lile sikio la Tuliza halikukatwa, kwani nembo waliyoikataa hakuichora.

Alasiri hiyo vichwa ishirini na tatu viliketi mstari wa mbele. Ofisa wa klabu alikuja na orodha yake, akavitazama kwa nyuma, akamuuliza Mwenyekiti hiyo ni nembo gani.

“Ndiyo hiyo hiyo mliyotuletea,” Mwenyekiti akamjibu bila kugeuka. “Ila mechi ina vipindi viwili.”

Ofisa akafikiri, akaweka alama ya vema, akapita.

Nalo jambo hili halikuachwa lipotee. Mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye katibu wa tawi, alifungua daftari la kumbukumbu siku ya Jumatatu, akapiga mstari kwa rula, akaandika kwa wino mwekundu ili vizazi visome: Jumamosi, saa sita kasoro robo mchana, kinyozi Tuliza aliongeza pembe. Wajumbe wote wakatia sahihi, na Mwenyekiti akatia yake mara mbili. Kuhusu mechi yenyewe halikuandikwa neno. Nyati walifungwa mbili bila, na hilo hutokea kila mara; hawakuona sababu ya kulipotezea wino.