Ufunguzi Rasmi wa Warsha ya Namba Tasa

Kamati ya Maandalizi ya Warsha za Hisabati inapenda kuutangazia umma kwamba warsha ya mwaka huu, ya watafiti, walimu na wanafunzi, ilifana sana hata kabla ya kuanza. Mimi ndiye katibu wa Kamati.

Zamani mambo yalikuwa holela. Warsha hizi zilianzishwa na marehemu dada yangu, mwalimu wa hisabati. Alikuwa akiingia, anaandika swali ubaoni, anatugeukia na kusema, "Sijui. Tuanze hapo." Basi. Mtafiti akibanana na mwanafunzi kwenye dawati moja, wakigombea chaki. Watoto wakambandika jina la Mwalimu Sijui, naye akaitika.

Alipotutoka, Kamati ikaweka utaratibu. Ni marufuku kufikiri kabla mgeni rasmi hajafungua warsha. Swali la kwanza hujibiwa na mgeni rasmi mwenyewe, papo hapo, kwa heshima yake, na kabla hajalijibu hakuna atokaye ukumbini. Yote haya aliyatunga Mwenyekiti wetu.

Palikuwa na tatizo dogo la ubao. Maandishi ya somo la mwisho la marehemu yalikuwa bado yapo: "Namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, zina mwisho? Tuseme zinakwisha." Hapo kengele ililia, akaenda nyumbani, hakurudi tena. Mwenyekiti aliona maneno hayo yanakatisha tamaa. Akaagiza yafutwe, bango lenye picha yake lipate nafasi. Nikamjibu kwamba ufutaji wa ubao unahitaji kikao chenye akidi. Akidi haijawahi kutimia. Kila mara anakosekana mjumbe mmoja, nami huwa ndiye huyo.

Siku ilipofika, mgeni rasmi hakutokea. Tukakaa. Watafiti walitazama dari bila kufikiri, kama ilivyoelekezwa. Mwalimu mmoja alikutwa akihesabu vigae vya sakafu, akaonywa.

Mpwa wangu, binti wa marehemu, alinisogelea.

"Mjomba, mimi nataka kumalizia pale alipoachia mama. Wakishatundika lile bango, basi tena."

Nikamwambia asubiri ufunguzi.

Jua lilipopinda, Mwenyekiti alikuwa akikitazama kiti cha mgeni rasmi, chenye mto mwekundu, kama paka anavyotazama samaki. Hatimaye akajiteua. Akakaa, akatangaza kwamba warsha imefunguliwa, akaamuru bango lipandishwe. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba swali la kwanza bado.

Mpwa wangu akasimama.

"Shikamoo, Mgeni Rasmi. Namba tasa zinakwisha?"

"Marahaba," alisema Mwenyekiti, akakohoa. "Zilizopo zinatosheleza mahitaji."

"Sikuuliza kama zinatosha, mzee wangu. Nimeuliza kama zinakwisha."

Aliahidi kuunda kamati ndogo. Nikamsomea utaratibu wake: papo hapo. Akataka kwenda msalani, lakini bawabu, ambaye ni mtu wa kufuata maagizo, alikuwa ameshaegemea mlango. Ikabidi aende ubaoni. Aliandika moja, akaifuta. Akaandika mbili, akaitazama kwa muda mrefu kama mtu anayemdai. Nyuma yangu mtafiti mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba mchimba shimo kaingia mwenyewe.

Mwishowe Mwenyekiti akaweka chaki chini.

"Sijui," alisema, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake.

Mpwa wangu akaiokota chaki.

"Tuanze hapo," akasema.

Madawati yakaburutwa mbele. Walibishana, wakafuta, wakaandika upya, ila mstari wa marehemu hakuna aliyeugusa. Viti havikutosha, hivyo bango likatandikwa sakafuni, wanafunzi wakalikalia. Mwenyekiti alibanwa katikati ya vijana wawili, akiomba aazimwe kalamu.

Giza lilipoingia, mpwa wangu alifika ukingo wa ubao, akanigeukia.

"Ukisema zinakwisha, kama alivyoanza mama, daima inatokea nyingine. Hazina mwisho, Mjomba."

Kamati inathibitisha kwamba warsha ilifunguliwa rasmi. Kuhusu kufuta ubao, kikao kimeahirishwa tena. Akidi haikutimia.