Jicho la Ndani Lapata Wageni

Jumatatu, 4 Machi 2002
Jana Shemeji, kaka wa mke wangu, kaja kututambia. Ana blogu! Shajara kama hii, ila inasomwa na dunia nzima. Chini ya ukurasa kuna kihesabu: wageni 312. Akamwambia dada yake kwamba mimi sijui kuandika zaidi ya barua za bima. Roho imeniuma. Lazima nimpite.

Jumanne, 5 Machi
Nimechunguza. Blogu ya Shemeji imehifadhiwa bure kwenye mitambo ya kampuni ya ng'ambo. Mpangaji tu! Mimi najenga kwangu. Chini ya meza yangu ofisini kuna kompyuta kuukuu isiyozimwa, ina mtandao saa zote. Mcheza kwao hutunzwa. Fundi wa kompyuta wa ofisini kaiandaa ibebe blogu, akauliza kama Bosi anajua. Nikamwambia anajua. Atajua saa ngapi? Barua moja huisaini wiki nzima.

Jumatano, 6 Machi
Blogu iko hewani! Jina langu la siri: Jicho la Ndani. Nimeandika kuhusu bosi fulani, nikamwita Kobe, nisimtaje. Anavyosinzia kikaoni. Kalamu anayochokonolea sikio. Wageni: 9. Wote mimi.

Alhamisi, 7 Machi
Wageni 64! Mke wangu kauliza ni kina nani hao. Wivu. Damu nzito kuliko maji.

Ijumaa, 8 Machi
Wageni 340! Shemeji kwisha! Nilikuwa nampigia simu kumweleza, nikaitwa kwa Bosi. Blogu yote kaichapa na kuibana pini. Kasema ofisi nzima imesoma, makao makuu nao. Nikaapa simjui huyo Jicho. Akanionyesha anwani juu ya kila ukurasa: jina la kampuni yetu, na mwanzoni kabisa, "meza7". Meza yangu. Akauliza kwa upole kama namjua mwenyeji wa blogu hii. Akasema mwenyeji ni yeye, maana blogu inakaa kwenye kompyuta yake, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akatoa kalamu, ile ile, akasaini uhamisho wangu kwenda masjala papo hapo. Kumbe anaweza!

Jumatatu, 11 Machi
Masjala iko chini ya ngazi. Mafaili mpaka darini, dirisha hakuna. Mke wangu kanisihi nitulie, nishukuru sikufukuzwa. Nimetulia. Nyuma ya kabati nimekuta kompyuta, na inawaka! Fundi nimemwambia Bosi anajua. Safari hii sirudii kosa: jina la kampuni halitaonekana kabisa kwenye anwani. Badala yake nimeweka majina yangu yote matatu.