Seva ya Kunisikiliza Mimi Tu

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji amefuta tena maana yangu. Miaka thelathini na mmoja tangu tuhame kwetu, minne tukikusanya maneno ya kwetu kwenye kanzidata ya chama chetu cha wahamiaji, na huyu ndugu wa mke wangu, mwalimu mstaafu, bado ananisahihisha kama mtoto wa darasa la tatu. Niliandika: "Kiambo: mahali ambapo ukirudi huulizwi ulikotoka." Akaweka: "Nyumba kadhaa za ukoo mmoja." Hongera. Ijumaa mchapaji anakuja kuchukua kamusi yote kwenye seva, ile kompyuta ya ofisi ya chama inayoitunza. Lazima aikute yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma mwongozo wa seva, kurasa arobaini. Kuna mstari mmoja: anwani ya kusikiliza. Kwa sasa inasikiliza kote kote, kama jirani mmbea. Nikiiandikia anwani moja, yangu, Shemeji atabaki kuongea na ukuta. Mke wangu kauliza nacheka nini. Nimesema ni mazoezi ya uso.

Jumatano, 5 Machi

Nimewahi ofisini kabla ya Shemeji na chupa yake ya chai. Nimerudisha kiambo changu, nikaandika anwani ya kompyuta yangu ya nyumbani, nikazima seva, nikawasha. Nimerudi kwa mwendo wa bwana harusi.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji kapiga simu. Kamusi haifunguki, je, kwangu? Nimemjibu, kwa huzuni niliyoipima, kuwa mitambo ina mambo yake. Kisha nikajaribu mimi. Haifunguki. Mara tisa.

Nimempigia binti yangu, ambaye mitambo hiyo ndiyo kazi yake. Kacheka hadi kakohoa. Ati, Baba, pale haiandikwi anwani ya msemaji, inaandikwa ya seva yenyewe, mlango ambapo itatega sikio. Umeiambia ikasikilize kwenye nyumba isiyo yake, imegoma kuamka. Nani aruhusiwe kuingia, hilo ni faili jingine. Nenda kabadilishe mstari mmoja, yaishe.

Nimehama nyumba sita maishani, nimeshindwa na anwani. Nimekwenda. Shemeji ameweka kiti mbele ya seva, na chai. Kubadilisha mstari ni kukiri. Nimemsalimia, nikaondoka.

Ijumaa, 7 Machi

Mchapaji hakukuta kitu. Shemeji kafungua mkoba, katoa daftari: kila neno, kwa mkono, tangu siku ya kwanza. Kasema sikio la kufa halisikii dawa, akiitazama seva. Nadhani aliitazama seva. Nilicheka kuliko wote. Kiambo changu, kwaheri.

Jumatatu, 24 Machi

Kamusi imetoka. Ukurasa wa themanini na nane: "Kiambo: 1. Nyumba kadhaa za ukoo mmoja. 2. Mahali ambapo ukirudi huulizwi ulikotoka."

Kumbe aliinakili kabla ya kuifuta. Nimeusoma mstari huo mara kumi na moja. Mke wangu kauliza macho yana nini. Vumbi.

Halafu nikaona. Ya pili. Kaniweka wa pili!

Toleo jipya ni mwakani. Nimeshaanza kusoma habari za lile faili jingine. Na mkoba wake, nimeuangalia vizuri, hauna kufuli.