Makala Yangu ya Mbuzi, Ambayo Hakuna Msomi Aliyeirejelea

Same,
14 Agosti 1994

Kwa Mhariri wa jarida letu la elimu, mwenye karatasi na mwenye mkasi,

YAH: KUOMBA MBUZI WAHESABIWE

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mashine yako ya chapa pia. Huku Same upepo unapuliza vumbi kama kawaida, na sisi tunasoma kama kawaida, tukiwa tumefumba jicho moja.

Huenda hunikumbuki. Mimi ni Asheri Tumainieli, mkufunzi wa hisabati katika chuo cha ualimu, mwandishi wa makala iitwayo "Mchango wa Kuchunga Mbuzi katika Ujuzi wa Hesabu kwa Watoto wa Kisiwani na Mhezi". Kisiwani ni kijiji chetu cha bondeni, hakina bahari, na Mhezi kiko mlimani. Makala ilitoka katika toleo lako la mwaka 1991, ikiwa imebanwa kati ya makala ya profesa mmoja kuhusu falsafa na tangazo la chaki. Ina picha ya mbuzi niliyoichora mwenyewe. Watu wengi wamenisifia yule mbwa.

Nilikuletea makala hiyo mwaka 1984. Ukanijibu kwa heshima kwamba imekubaliwa na itatoka karatasi ikipatikana. Sikunung'unika. Enzi zile tulipanga foleni ya sabuni, nani angeshangaa makala kupanga foleni ya karatasi? Ilipotoka, bado ilikuwa inasema "katika kipindi hiki kifupi cha uhaba wa mafuta ya taa", wakati maduka ya Same yameshajaa redio, mitumba na mafuta ya kujipaka kutoka nchi ambazo mwalimu wa jiografia mwenyewe hazijui. Uliniarifu pia kuwa aya ya mwisho umeikata ili kuokoa karatasi. Hilo nalo sikulinung'unikia. Nilijua aya za mwisho hazisomwi na mtu.

Leo ninanung'unika. Mwezi uliopita nilikalishwa mbele ya kamati ya chuo ya kupandisha vyeo. Mwenyekiti wake, Ndugu Humphrey, ambaye nimesoma naye dawati moja na kumpa majibu ya hesabu kwa miaka mingi, aliniuliza swali moja tu: ni wasomi wangapi wameirejelea kazi yangu? Alisema siku hizi nchi imefunguliwa, kila kitu kinapimwa sokoni, na msomi naye ni bidhaa. Nikamjibu kwamba amenirejelea msomi mmoja. Akaomba jina. Nikataja la kwangu.

Kamati ilicheka sana. Na mimi nilicheka nao, kwa adabu, kisha nikaenda nyumbani. Nimepewa hadi mwisho wa Septemba kuleta ushahidi kwamba nimerejelewa na mtu mwingine. Nikikosa, nitabaki mkufunzi wa kawaida kama nilivyo tangu nilipokuwa na nywele.

Nakitaka sana cheo hicho, Ndugu Mhariri, wala sioni haya kusema. Nataka mke wangu Raheli aache kuniita "Profesa" kwa ile sauti anayoitumia akiwa ananituma kuni. Kwa hiyo naomba jarida lako, ambalo linahesabu rejeleo pale tu linapochapwa katika jarida jingine, lilegeze kamba kidogo na kuyapokea marejeleo yangu yafuatayo, ambayo yana kasoro moja tu ya kutokea mahali wanapoishi watu.

1. Mnada. Mwandishi hupewa nakala mbili. Ya pili niliihifadhi kabatini kwa ajili ya vizazi. Mwaka jana, Jumapili ya mavuno, Raheli alipanda kwao Mhezi kutoa sadaka. Kuku aliyekuwa amemkusudia alikuwa ameatamia, kahawa ya mwaka ule haikuwa ya kuonyesha mbele za Bwana, basi akaichukua nakala yangu kabatini na kuipeleka madhabahuni bila kuniambia. Kama ujuavyo, au kama usivyojua kwa kuwa unaishi Dar es Salaam, sadaka za mazao hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Makala yangu iliwekwa kati ya mkungu wa ndizi na jogoo. Nimethibitishiwa kwamba iligombewa na watu wawili hadharani, mmoja akiitaka kwa ajili ya kusokotea tumbaku. Sijawahi kusikia maandishi ya Ndugu Humphrey yakigombewa na hata mtu mmoja, hata mvuta tumbaku.

2. Mahubiri. Kabla ya kuinadi, mchungaji aliifungua, akasoma kichwa chake, akawaambia washarika kwamba hata Daudi alitoka machungani. Kwa hesabu zangu nimerejelewa ubavuni mwa Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Naomba hili lipewe uzito wake.

3. Mahakama. Aliyeshinda mnada ni Mzee Gregori, mfugaji wa Kisiwani, aliyekuwa amepanda mlimani kumwona binti yake aliyeolewa huko. Mzee huyu alijifunza kusoma katika elimu ya watu wazima, na tangu siku hiyo alikuwa hajapata cha kusoma. Makala yangu aliisoma yote, jambo ambalo wewe na mimi tunajua ni nadra. Haukupita muda, Mwalimu Mkuu wa shule ya kijijini kwake, Mama Priska, akamshtaki kwenye Baraza la Kata kwa kuwaachisha wanawe shule ili wachunge. Mzee Gregori akasimama, akafungua ukurasa wa 43, akasoma kwa sauti: "Mtoto anayechunga mbuzi huwatangulia wenzake katika kuhesabu, kukadiria na kukumbuka." Akataja jina langu. Akataja mwaka. Akataja ukurasa. Hakuna mwingine barazani aliyekuja na kitu kilichochapwa. Shauri likafutwa. Nakuuliza kwa unyenyekevu: hilo kama si rejeleo ni nini? Wachangiaji wako wengine husahau hata ukurasa.

4. Kuendelezwa kwa nadharia. Toka siku ile nakala ya Mzee Gregori haijalala mahali pamoja. Wakati huu ambapo mtoto hurudishwa nyumbani mpaka mzazi alipe mchango wa UPE, yaani wa elimu ya msingi, wazazi wengi wameona kuwa ninasema kweli. Imeazimwa Kisiwani nzima, ikashuka hadi kwenye mashamba ya mkonge. Huko, mkata mkonge mmoja aitwaye Sefu, mtu wa Kigoma asiye na mbuzi hata wa kusingizia, alimwambia mratibu wa elimu kwamba kufunga matita ya mkonge nako kuna hisabati yake, "kama alivyoonyesha Mwalimu Asheri kwa upande wa mbuzi". Kwenye semina zetu hilo tunaliita kupanua mipaka ya maarifa, na wanaolifanya hulipwa posho na kupewa soda.

5. Rejeleo hasi. Nasikia vyuo vya ng'ambo huhesabu hata ukipingwa. Basi Mama Priska alinifuata ofisini kwangu, akiwa amepanda lori la mahindi kutoka Kisiwani. Hakukaa. Alisema, "Shikamoo mwalimu. Nimekuja kukuchukua ukawafundishe hao mbuzi, maana watoto sina." Nikamwitikia marahaba, nikamkaribisha chai, akakataa chai. Hadi leo, wenzangu wananiambia, hunitaja kila asubuhi mstarini, na maneno anayoniongezea siwezi kuyaweka katika barua inayopita posta.

6. Matokeo yanayoonekana kwa macho. Nionyeshe, Ndugu Mhariri, makala nyingine katika jarida lako iliyowahi kumhamisha mtu hata kutoka dawati moja kwenda jingine. Ile ya falsafa iliyo jirani yangu haijamsogeza mtu. Yangu imehamisha nusu ya darasa la sita la Kisiwani, pamoja na kiranja wake, kutoka darasani hadi porini, na wanazidi kwenda. Kama kazi ya utafiti hupimwa kwa mabadiliko inayoyaleta katika jamii, basi mimi ndiye mtafiti mkubwa kuliko wote wilayani, na mafanikio yangu yatakamilika siku shule ya mwisho itakapofungwa kwa kukosa wanafunzi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Uniandikie uthibitisho, wenye muhuri, kwamba nimerejelewa na umma. Na uichape makala yangu upya, kwa herufi kubwa, kwa kuwa nakala ya Mzee Gregori imeanza kuchanika kwenye mkunjo wa ukurasa wa 43. Karatasi siku hizi zipo. Nimeziona zikifungiwa maandazi.

Wasalimie wachapaji wako wote, mlinzi wa getini aliyewahi kunikatalia nisiingie, na karani aliyenijibu mwaka 1984 kama bado yupo. Raheli anakusalimu. Washarika wa Mhezi wanakusalimu na wanauliza toleo jingine linatoka lini, mavuno yanakaribia. Mama Priska hakusalimu.

Naweka kalamu chini kabla karatasi haijaniishia na mimi.

Ni mimi, mashuhuri kwa wafugaji,
Asheri Tumainieli

Nyongeza, Jumatatu jioni, kabla sijafunga bahasha:

Ndugu Mhariri, tafadhali usiandike uthibitisho wowote, na usichape upya ukurasa wowote. Subiri kwanza.

Nina binti, Irine, yuko darasa la sita hapahapa mjini, na mwakani atafanya mtihani wa la saba. Katika hesabu hana mpinzani. Nina pia mbuzi wachache, mradi tulioanzisha mimi na Raheli mshahara ulipoanza kuisha kabla ya mwezi, ambao huwachunga mwenyewe jioni baada ya kazi. Leo asubuhi Irine hakuvaa sare. Alinisalimu vizuri, akafungua zizi, akasema mchango wake wa shule nijinunulie viatu, maana yeye anaweza kusomea huko huko. Kisha akaninukuu. Jina, mwaka, ukurasa. Ile nakala yangu ya kwanza anaijua kwa moyo.

Nimeshasikia habari za mzee mmoja kunitumia barazani na nikafurahi. Sikujua maneno yale yanavyosikika yakisemwa na mtoto wako mwenyewe ameshika fimbo.

Niliogopa, Ndugu Mhariri. Nikamwambia kwamba hayo siyo yote niliyoandika. Katika aya ya mwisho, ile uliyoikata, nilisema kwamba ujuzi huo wa machungani hunyauka mtoto akikosa shule, na kwamba hakuna mbuzi atakayemfikisha mtoto kwenye mgawanyo wa desimali. Nilimweleza yote, nimesimama mlangoni na kandambili, neno kwa neno kadiri ninavyokumbuka. Rasimu ilishaliwa na mchwa.

Irine alinisikiliza mpaka mwisho. Nimemfundisha mwenyewe, tangu akiwa darasa la tatu, kwamba dai lisilo na rejeleo halipokelewi. Akaniuliza kwa adabu zote, "Hiyo baba iko ukurasa wa ngapi?"

Nakuomba unitafutie ile aya. Itume na basi la kesho, hata kama utaiandika kwa mkono.