Kuhusu Hedifoni za Chumba Namba Tano

Chumba Namba Nne,
Mlango wa kijani, upande wa tangi la maji.

Kwa Mama Mwenye Nyumba,
Ghorofani.

Mama yetu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na chai umekwisha kunywa, maana yaliyomo humu si ya kusomwa na mtu mwenye njaa. Mimi mpangaji wako wa chumba namba nne, karani wa masjala, sijambo kidogo. Nasema kidogo kwa sababu tangu Jumatatu ya wiki mbili zilizopita sijasikiliza muziki, na mtu asiyesikiliza muziki ni nusu mtu. Ile nusu nyingine inakwenda kazini tu.

Nimekaa katika nyumba yako miaka sita bila kulalamika. Bomba lilipokauka nilinyamaza. Paa lilipovuja juu ya kitanda nilihamisha kitanda, na lilipokifuata nilikihamisha tena. Lakini leo yamenifika shingoni, na lisilobudi hutendwa. Naomba unisikilize kwa mpangilio, kama tufanyavyo masjala.

1. Kwamba jirani yangu wa chumba namba tano, yule dada fundi wa kushona sare za shule, amenunua hedifoni.

Si zile ndogo za kuchomeka. Ni zile kubwa nyeusi, za kufunika masikio yote mawili. Nimeziona kwa macho yangu kupitia dirisha lake, nilipokuwa nikipita kwenda kuanua shati ambalo nilikuwa nimekwisha kulianua.

Kwa miaka miwili dada huyu alikuwa akipiga kanda za zamani kwenye redio yake, kuanzia saa kumi na moja jioni ninaporudi kazini hadi saa mbili. Ukuta ulio baina yetu unaujua: tofali moja na plasta ya kuombea radhi. Nilikuwa navua viatu, naketi, naegemeza kichwa ukutani, na muziki unanijia wenyewe. Sikuwahi kumwambia apunguze. Sikuwahi kumwambia aongeze. Kwa kweli sikuwahi kumwambia lolote, zaidi ya ile salamu ya kupishana na ndoo koridoni. Huo ndio ujirani mwema niliofundishwa kwetu. Leo nalipwa kwa kufungiwa muziki bila hata notisi ya mwezi mmoja.

2. Kwamba hasara hii si yangu peke yangu, bali ni ya watu sitini na watatu.

Mimi ni mwanachama wa kundi la simu liitwalo Leo Unasikiliza Nini. Kila jioni kila mtu huweka humo kile anachosikiliza, na wengine hukijadili, hukisifu au hukiponda. Niliingizwa na mtu wa uhasibu ambaye alidhani namba yangu ni ya fundi friji, na baadaye akaona aibu kunitoa. Wiki ya kwanza sikuwa na la kuweka, kwani sina redio. Wiki ya pili nikabandika simu ukutani, nikarekodi dakika moja ya kilichokuwa kikitoka namba tano, nikaituma. Chini yake nikaandika: "Sikilizeni kwa moyo." Jina la wimbo sikuweka kwa sababu sikulijua.

Mama, kundi lilitikisika. Walisema rekodi ile ina umbali. Walisema inasikika kama kitu ulichokipenda halafu mtu akakifunika blanketi. Walipoulizia jina la wimbo nikawajibu kwamba majina ni ya wenye haraka, wakanyamaza kwa heshima. Tangu hapo wananiita Sikio la Dhahabu, na mwaka jana nilichaguliwa Mwenyekiti bila kupingwa. Kuna mwanachama mmoja anajiita Mwanafunzi Mtiifu. Huyo kila jioni huniandikia, "Asante mwalimu, leo nimefarijika," na maneno yangu huyaandika kwenye daftari.

Nikwambie ukweli, kwa kuwa wewe ni mzazi. Nimekaa masjala miaka kumi na tisa. Watu huinama kwenye dirisha langu, hutaja namba ya faili, huondoka. Kabla ya kundi hili sikuwahi kuulizwa swali lisilo na namba. Sasa wapo wanaoinama na kuuliza, "Mzee, leo unasikiliza nini?" Mara ya kwanza nilipoulizwa nilikuwa na faili mkononi, nikasahau nalipeleka wapi. Nilifurahi. Ni hilo tu, nilifurahi, na sitaki kurudi nilikotoka.

3. Kwamba pigo hili limekuja wakati mbaya kupita kiasi.

Siku moja tu kabla ya ukuta kunyamaza, yaani Jumapili, nilikuwa nimetoa kundini somo refu juu ya adabu ya kusikiliza. Niliwakemea wale wanaofungulia simu jikoni huku wanakaanga vitunguu. Nilieleza kwamba muziki wa kweli haumwagwi hewani kama maji ya kuoshea vyombo. Muziki wa kweli huwekwa sikioni, hedifoni zikafunga, dunia ikakaa kimya. Mimi mwenyewe sina hedifoni, lakini si lazima mwalimu wa kuogelea awe samaki. Watu arobaini na mmoja waliliwekea somo lile alama ya moyo.

Kesho yake, watu wamekaa mkao wa kula, mimi nikabandika simu ukutani na ukuta ukawa bubu. Nilirekodi dakika moja ya kimya nikaituma hivyo hivyo. Wengi waliisifu. Lakini mtu hawezi kuishi kwa kimya wiki mbili.

Nilijaribu pia ukuta wa pili. Chumba namba tatu, kama ujuavyo, anakaa mlinzi wa usiku, ambaye jioni ndipo hulala kabla ya zamu. Nikarekodi, nikatuma. Watu tisa walisifu besi. Mmoja aliulizia kama kuna albamu nzima. Dhamiri ilinisuta, nikaacha.

4. Kwamba ukuta wa namba tano haukuwa bubu kabisa, na hapa ndipo jambo linapokuwa la kisheria.

Katika rekodi zangu zote, Mama, yumo mpiga ngoma mmoja wa ajabu. Huanza taratibu, hushika kasi, hukimbia, hukatika ghafla katikati ya ubeti kana kwamba kaitwa nje, kisha hurudi kwa kishindo. Hafuati mwimbaji, hafuati gitaa, anafuata kitu chake mwenyewe. Kundi lilimjadili wiki tatu mfululizo. Ndiye aliyenipa uenyekiti.

Basi mwezi huu mpinzani wangu, Daktari wa Meno, akaipata kanda mojawapo kwa shangazi yake na kuiweka kundini ikiwa safi, bila ukuta. Wimbo ni uleule. Mwimbaji ni yuleyule. Ngoma hakuna. Akaandika mbele ya watu wote: "Mwenyekiti, huyo mpiga ngoma wako mbona huku hayupo? Au kang'olewa?" Watu walicheka, Mama. Hata wale niliowafundisha.

Sasa sikia maajabu. Tangu hedifoni zije, nikiweka sikio ukutani simsikii mwimbaji wala gitaa, lakini mpiga ngoma namsikia. Yuko palepale. Wenzake wote wameondoka, yeye amebaki anapiga peke yake hadi saa mbili. Mtu mwenye akili timamu hawezi kufikia ila hitimisho moja: chumba namba tano kinakaliwa na watu wawili. Kifungu cha saba cha mkataba wako kinasema chumba kimoja, mtu mmoja. Sipendi kumchongea dada wa watu, na mpiga ngoma mwenyewe namwonea huruma, maana kwa miaka miwili sijamwona akitoka hata kwenda bombani. Lakini sheria ni msumeno.

5. Kwamba Jumamosi hii, saa tisa alasiri, kundi linakutana ana kwa ana kwa mara ya kwanza.

Tutakutana kwenye chumba cha nyuma cha kinyozi mmoja mwanachama. Kila mtu atakuja na wimbo wake na kuueleza. Mimi nimetakiwa nije na wimbo ukiwa na ngoma yake, watu wausikie kwa masikio yao, la sivyo kiti cha uenyekiti kitahamia kwa Daktari wa Meno. Kupoteza cheo kwa mtu mzima si kitu. Ila Jumatatu nitarudi dirishani, mtu atainama, nami nitajua kabla hajafungua mdomo kwamba amefuata faili.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo, nikianza na lililo jepesi:

(a) Hedifoni ziongezwe kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa ndani ya nyumba hii, baina ya mbuzi na jenereta.

(b) Hilo likishindikana, tofali moja litolewe ukutani, usawa wa sikio langu nikiwa nimeketi. Nimekwisha kuliwekea alama ya chaki. Upande wake dada anaweza kutundika kalenda kwa ajili ya stara, mradi iwe ya karatasi nyepesi.

(c) Dada huyu atambuliwe kuwa sehemu ya jengo, kama paa na bomba, asihame bila kibali changu cha maandishi. Akiolewa, bwana harusi ahamie hapa, na awe mtu mkimya asiyependa kuhadithia.

(d) Mpiga ngoma aandikishwe rasmi, apewe ufunguo wake, na aruhusiwe kutoka nami Jumamosi. Nitamrudisha kabla ya magharibi akiwa ameshiba.

Kwa kuwa kanuni ya nyumba inataka mlalamikiwa aisome barua na kuitia sahihi kabla haijapanda ghorofani, leo hii nitaisukuma chini ya mlango wake, na ataisukuma irudi kwangu. Hakuna haja ya kusumbuana kwa kuonana.

Nisalimie Baba Mwenye Nyumba, wajukuu wote kwa jumla na yule mdogo kwa upekee, fundi bomba iwapo atatokea katika uhai wetu, na paka wenu, ambaye mambo yake na viatu vyangu nimeyasamehe.

Wako nisiyechelewesha kodi wala kugombana na mtu,

Mpangaji, Chumba Namba Nne
(Sikio la Dhahabu)

Nyongeza: Mama, kabla hujachukua hatua yoyote, tafadhali soma na hapa.

Barua imekuwa nene, ikakataa kupita chini ya mlango. Ikanibidi nibishe hodi, kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Dada akafungua, akasogeza hedifoni pembeni, akaisoma yote akiwa amesimama, futi ya kupimia shingoni. Alipofika kifungu cha nne akaketi. Nilidhani nimemuudhi, kumbe anacheka, Mama, anacheka mpaka anafuta macho kwa kitambaa cha sare. Alipopata pumzi akaweka mguu kwenye cherehani yake. Akakanyaga taratibu, akashika kasi, akakimbia, akakata ghafla, akageuza kitambaa, akakanyaga tena.

Nikamtambua mpiga ngoma. Kifungu cha nne nakifuta.

Kisha akafungua simu akanionyesha. Yeye ndiye Mwanafunzi Mtiifu. Kanda zile ni za marehemu baba yake, ambaye naye alikuwa fundi, na tangu utotoni hajawahi kuzisikia bila cherehani. Ndiyo maana watu walipobishana kuhusu ngoma, yeye alishangaa wanabishana nini. Anasema alikuwa karibu kuzitupa, akiona ni mambo ya kizamani yanayomtia aibu mbele ya wateja, hadi mteja mmoja alipomwingiza kundini akakuta mtaalamu anazisifu nyimbo za baba yake kila jioni. Kwamba mtaalamu huyo anasikiliza wimbo uleule, saa ileile, hakulitilia shaka. Alidhani ndivyo walivyo watu wenye masikio mazuri.

Halafu mtaalamu akaandika kwamba muziki wa kweli ni wa hedifoni. Jumatatu asubuhi akaenda kuzinunua. Wiki mbili amezivaa kwa utiifu na wiki mbili amezichukia, akiamini ni mbovu kwa kuwa hazina ngoma. Alitaka kuniuliza, akaona haya kumsumbua mwalimu.

Kwa hiyo mkosaji amepatikana, naye ni mimi. Nilimwambia tu kwamba bila kanda za baba yake ningekuwa bado nasubiri namba ya faili. Akaitia barua sahihi, akaniwekea kiti karibu na redio.

Malalamiko yote nayaondoa. Hedifoni tumempa mlinzi wa namba tatu, ambaye imebainika kuwa kwa miaka miwili mpiga ngoma amekuwa akimkatisha usingizi. Jumamosi tunakwenda wawili: mimi nabeba redio na kanda, dada anakuja na cherehani. Naomba lango kubwa lifunguliwe saa nane, maana kwenye lile dogo haipiti.

Kuhusu tofali, acha tu libaki. Chumba namba tano kina mlango.