Malalamiko Dhidi ya Zana Iliyomnyang'anya Mama Mkubwa Watoto

Kwa Wakuu wa Watengenezaji wa Zana ya Kuunganisha Programu na Hifadhidata.

Ndugu Watengenezaji,

Shikamooni. Ikiwa kati yenu wapo vijana wa rika langu, hao nawaambia mambo, na waliobaki wagawane shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Naandika kwa heshima zote kulalamikia tabia ya zana yenu, ambayo nimeishi nayo nyumbani tangu mwanzo wa mwezi. Sisemi kwamba ni zana mbaya. Nasema haikulelewa.

Nianze na chanzo. Mwalimu wetu wa kompyuta ana chama cha waandishi wa programu, na imebaki nafasi moja tu. Alitangaza darasani kwamba atakayemwonyesha programu ya ukoo wake, ikichora nani ni mzazi wa nani bila kosa lolote, nafasi ni yake. Naitaka nafasi hiyo. Sijamwambia mtu jinsi ninavyoitaka, ila nyumbani wameshashtuka kwa sababu nimeanza kuosha vyombo bila kuambiwa.

Mama yangu mdogo mmoja, ambaye ni mwuguzi, aliniazima kompyuta yake ndogo iliyochoka. Nilipita kwa kila mtu nikamwuliza watu wake ni akina nani, nikaandika kama alivyojibu, nikaweka yote kwenye hifadhidata, yaani ghala la majedwali. Kazi ya zana yenu ilikuwa ndogo: kusimama mlangoni mwa ghala, kuchukua mstari mmoja mmoja wa jedwali na kuugeuza kuwa kitu ambacho programu yangu inaweza kuzungumza nacho. Babu hakufurahi kusikia kwamba atageuzwa kitu. "Nimefika umri huu ndiyo niitwe kitu?" alisema. Nilimtuliza kwamba hiyo ni lugha ya kitaalamu, na kwa hilo siwalaumu. Ninayowalaumu ni haya:

1. Zana yenu haina subira. Nikiituma ghalani, husubiri nusu dakika, kisha hurudi na kusema muda umekwisha. Nusu dakika! Anayekuja kumwona babu akaondoka baada ya nusu dakika hajamaliza hata salamu. Bado hajaulizwa hali ya nyumbani, ya kazini, na ya ule mguu uliokuwa ukimsumbua. Na ukimwambia babu muda umekwisha, anaanza upya.

2. Inafukuza wageni. Programu yangu hufungua mlango wa ghala mara moja kwa kila ndugu inayemwulizia. Baada ya ndugu kumi hivi, zana ilisema miunganisho imejaa. Kwetu neno hilo halijawahi kutamkwa mbele ya mgeni. Tunasogea. Kochi letu la watu watatu limeshakaliwa na saba, na wa nane akaletewa ndoo iliyogeuzwa. Mwongozo wenu unanishauri niwe nafunga mlango kila nikimaliza kuutumia. Bibi aliposikia hivyo aliuliza, "Hao watu wana ugomvi na nani?"

3. Ni mvivu, na inajivunia. Si mimi ninayesema. Mwongozo wenu wenyewe umeandika bila aibu kwamba, kwa mpangilio wa awali, zana huleta ndugu kwa uvivu: haimleti mtu mpaka aitwe. Basi nilifunga mlango kama mlivyoshauri, nikaita watoto wa babu, ikasema haiwezi kuwaleta kwa sababu mlango umefungwa. Nani aliniambia niufunge? Kwa ajili ya utafiti, siku moja nilimwambia mama mzazi kwamba sijafua kwa sababu mpangilio wangu wa awali ni uvivu. Sitaeleza yaliyofuata, lakini nguo zilifuliwa.

4. Haielewi utani. Babu huniita "mke wangu" na bibi huniita "mke mwenzangu", na nilipomwuliza babu wake zake ni akina nani, alinitaja mimi kwanza. Niliandika kama alivyojibu, maana mwalimu alisema tusibadilishe taarifa za watu. Zana ikaamini! Ikatoka kwangu ikaenda kwa babu, ikashuka kwa baba, ikafika kwangu, ikaenda tena kwa babu, ikazunguka hivyo mpaka kompyuta ikapata joto. Mama mdogo akaigusa kwa kiganja kama anavyogusa wagonjwa wake, akasema, "Huyu apumzishwe." Mtoto wa mwisho wa nyumba yetu hajui hata kuvaa viatu, lakini anajua babu anatania. Nyinyi mna shahada.

5. Hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi nzuri. Mimi nina mama wanne: mama mzazi, mama mkubwa, ambaye ni fundi cherehani, na mama wadogo wawili, yule mwuguzi na mwingine tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. Zana ilipowaona wote wanne iligoma. Ilisema ilitarajia mmoja, imepata wengi. Mwongozo ukashauri nichukue wa kwanza. Nikachukua wa kwanza, akatokea mama mdogo mwuguzi, na kosa likatoweka. Nilifurahi, nikabeba kompyuta mbio hadi kwa mama mkubwa, maana nilimwahidi kwamba yeye ndiye atakayetangulia kuona. Mbele ya jina lake palikuwa pameandikwa: watoto, hakuna.

Mama mkubwa hakujaliwa kuzaa. Sare zangu zote ameshona yeye, hata ile ya darasa la kwanza aliyoiachia pindo refu ili nikue nayo. Alisoma kioo, akasema, "Haya, mashine imeshasema," akarudi kwenye cherehani yake. Huwa anaimba akishona. Siku ile hakuimba. Redio alimfuata na kiti, akakaa kando yake.

Kwa sababu hizo, naomba kwa unyenyekevu kwamba zana yenu ikusanywe kutoka kila kompyuta duniani na irekebishwe kabla ya Ijumaa, siku ambayo mwalimu anakagua. Kama Ijumaa ni karibu mno, naomba barua yenye mhuri ya kumweleza mwalimu kwamba kosa liko kwenu, familia yangu haina kasoro. Kama wino wa mhuri umekwisha, basi mtume mjumbe, mtu mzima mwenye cheo, aje amwombe radhi mama mkubwa. Tutamkalisha upande wa kochi usiobonyea. Na kama hata hilo ni gumu, ileteni zana yenyewe ikae kwetu likizo nzima. Itaamka na sisi, itasalimia kila mtu, itachota maji, na mama mkubwa ataifunza adabu kama alivyonifunza mimi. Itakaporudi kwenu itajua kuhesabu akina mama.

Niishie hapa nisije nikawachosha. Babu anawasalimu na ameniagiza niseme salamu zake si za nusu dakika. Bibi anawasalimu, ingawa bado anauliza. Mama mzazi na mama wadogo wanawasalimu. Mama mkubwa angewasalimu pia, ila sijamwambia kwamba ninawaandikia. Wasalimieni watoto wenu na mama zao, kwa idadi yoyote.

Ni mimi mwenye matumaini,
Mwanafunzi wa kidato cha pili, dawati la mbele.

Nyongeza: Nilimpa mwalimu barua hii anikagulie lugha. Alisahihisha alama moja ya mkato, kisha akaomba kuona faili ninamoieleza zana nani ni nani. Kwenye mstari wa mama paliandikwa "mmoja". Akaniuliza, "Binti, huyu mmoja kawekwa na zana?" Nimemweka mimi. Siku nilipoandika mstari ule, mama mzazi alikuwa sokoni, mama mkubwa alikuwa kwa mteja, Redio alikuwa kwa jirani, na nyumbani alikuwepo mama mdogo mwuguzi peke yake, amelala baada ya zamu. Nilitazama huku na huku nikaona mama mmoja. Zana ilinitii tu. Sasa nimeandika "wengi", neno ambalo mmeliruhusu siku zote. Nimewaita ndugu wote kwanza, ndipo nikafunga mlango. Nimeiomba zana isubiri dakika mbili, ikakubali bila kununa. Kosa hakuna hata moja, na babu peke yake ndiye anayelalamika, kwamba amepewa talaka na kompyuta. Kwa hiyo tafadhali msirekebishe chochote, na mjumbe kama ameshaondoka, mwiteni arudi.

Nafasi nimepata. Mwalimu amenipa fomu ya ruhusa yenye mstari mmoja tu wa sahihi ya mzazi. Mama mzazi alishika kalamu, akaitazama fomu, kisha akainuka akampelekea mama mkubwa vyote viwili. Mama mkubwa amesaini kwa herufi kubwa, kutoka ukingo huu hadi ule, mpaka wenzake watatu imewabidi wasaini nyuma.